Naona ni Yule

Kitambaa kilikuwa cheusi na cheupe, basi. Hilo naweza kuliapia, maana nilikikata mwenyewe, kwa mkasi wangu, juu ya meza yangu ya kushonea hapa Maili Moja. Lakini mtoto wa dada yangu alipokiweka kwenye mashine yake ya santuri na kuiwasha, nikaona duara jekundu lililofifia karibu na kitovu. Yeye akasema si jekundu, ni rangi ya udongo. Mteja mmoja, mama aliyekuwa akisubiri gauni la kipaimara la bintiye, akasema anaona kijani katikati na bluu kwa nje, kisha akaomba kiti kwa sababu kichwa kilianza kumzunguka.

Tukabishana. Watu watatu wazima, mchana kweupe, tukibishania rangi ya kitu kisicho na rangi.

Nieleze kwanza kitu chenyewe. Mtoto huyu hupiga santuri kwenye harusi na kwenye baa mbili tatu kati ya hapa na Kibamba. Alirithi sanduku la santuri za babu yake, nyingi zikiwa ndogo, zile za wimbo mmoja kila upande: nyimbo za dansi zilizorekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam enzi ambazo santuri zenyewe zilibidi zikachapwe Nairobi. Chini ya santuri, juu ya ile sahani inayozunguka, dijei huweka kitambaa cha duara ili aweze kuizuia santuri kwa kidole huku sahani ikiendelea kuzunguka. Vijana wana jina lao la Kizungu, mimi nakiita kimkeka. Hushonwa kwa felti, kitambaa kizito kisichofumwa. Dijei Grandmaster Flash wa Bronx, New York, alivitengeneza miaka ya 1970 kwa felti aliyoipiga wanga ili iteleze. Niliposoma hilo nilicheka. Wanga na pasi ni vitu ninavyovijua kuliko muziki.

Kijana alitaka vimkeka vyake viwe na michoro inayochezea macho. Santuri ndogo haifuniki kimkeka chote, ukingo mpana hubaki nje, na watu wanaocheza karibu na meza huuona ukizunguka. Akanionyesha kwenye simu michoro ya zamani. Mmojawapo ni wa Mwingereza aliyeitwa Charles Benham, ambaye mwaka 1895 aliuza pia ya watoto yenye mchoro mweusi na mweupe: nusu ya duara nyeusi tupu, nusu nyeupe yenye vipande vya matao meusi. Ukiizungusha, rangi zinatokea. Ukiizungusha kinyume, rangi zinabadilishana nafasi. Maelezo ya kawaida ni kwamba sehemu za jicho zinazopokea rangi mbalimbali haziitiki kwa kasi moja. Nyeusi na nyeupe zikipishana haraka, jicho linajumlisha vibaya na jibu la hesabu hiyo ni rangi.

Mchoro wa Benham ulivyo haufai kwenye santuri. Pia huzunguka mara kadhaa kwa sekunde, lakini mizunguko 45 kwa dakika haifiki hata mmoja kwa sekunde. Kimkeka cha kwanza kilitoka bure kabisa, kitambaa cheusi na cheupe kinachozunguka kama mtu asiye na haraka. Ikabidi nirudie mchoro mzima mara nane kuzunguka duara, vipande vyembamba kama vya keki, cheusi, cheupe chenye matao, cheusi, cheupe chenye matao. Siku mbili za kukata. Ndicho kimkeka tulichokibishania.

Ninachotaka kukisema hakihusu rangi, bali yale matao.

Kila tao nililokata ni kipande. Linaanza, linaisha, kisha kuna nafasi tupu, kisha kiza. Nilikuwa nimekaa na vile vipande usiku wa kuamkia siku ile, navibandika kimoja kimoja, najua urefu wa kila kimoja. Sahani ilipozunguka sikuona kipande hata kimoja. Niliona miduara kamili, inayotetemeka kidogo lakini imefungwa pande zote. Nikijua kabisa kwamba haijafungwa. Nikajaribu kuitafuta ile nafasi tupu niliyoiacha kwa mikono yangu, sikuipata. Jicho lilikuwa limeshaijaza, na halikuniambia.

Hapo nikakaa chini mimi pia. Yule mama alidhani nami nina kizunguzungu.

Jioni moja ya mwaka 2016 nilikuwa nafunga mlango wa duka. Simba walikuwa wamecheza Dar es Salaam siku hiyo na barabara ilikuwa imejaa jezi nyekundu zinazoteremka kwenye mabasi. Ng'ambo ya barabara dada mmoja alipiga ukelele, akanyang'anywa pochi. Nikainua uso. Niliona mkono, niliona pochi, niliona mgongo wa jezi nyekundu ukikimbia kuelekea upande wa daladala za Mlandizi. Lori likapita. Barabara ya Morogoro haikosi lori. Lilipomaliza kupita niliona mgongo wa jezi nyekundu ukikimbia kuelekea daladala za Mlandizi.

Watu waliuliza, yuko wapi, nani kamwona? Nikanyoosha kidole. Nikasema, "Yule pale! Nimemwona kwa macho yangu."

Magazeti yetu yana maneno yao kwa kilichofuata: wananchi wenye hasira kali. Nimeyasoma mara nyingi, na kila mara hunishangaza jinsi yanavyowafanya watu wafanane na mvua, kitu kinachonyesha tu bila aliyeombwa. Siku ile wananchi hao walikuwa wateja wangu. Walikuwa na hasira, ndiyo, lakini hasira haikujua iende wapi mpaka ilipopewa kidole. Dereva mmoja wa lori, mtu mzima, alishuka na kumfunika yule kijana kwa mwili wake mpaka askari walipofika. Bila yeye ningekuwa naandika habari nyingine. Kijana alipona. Mkono wake wa kulia uliungika vibaya, na alikuwa anajifunza kuchomelea.

Siku ya tatu mwenye pochi alisema mwizi hakuwa yule. Aliyemnyang'anya alikuwa mrefu zaidi, na alimwona usoni. Kijana alikuwa anakimbia kwa sababu daladala ya Mlandizi ilikuwa imejaa na inaondoka. Watu wote walikuwa wanakimbia.

Niliyoambiwa baada ya hapo yalikuwa ya kunipoza. Hukukusudia, dada. Ulisema ulichokiona. Mungu huangalia nia. Mwongo ni yule anayejua ukweli akasema kinyume chake, nawe hukujua. Yote hayo ni kweli na nimeyashikilia miaka mingi, kama mtu anavyoshikilia nguzo ndani ya basi. Sikusema uongo. Nilikosea, na kosa si uongo. Mbona basi kila nilipomwona kijana yule akipita na mkono wake nilitazama kushonwa kwa pindo ambalo nilishamaliza kulishona?

Kimkeka kilinipa jibu, au tuseme kilinionyesha swali lilipo. Sikuona mtu mmoja akikimbia. Niliona vipande viwili vya mtu, na katikati palipita lori. Jicho likaunga kipande na kipande. Kwa hilo silaumu jicho, wala sijilaumu. Bila kuunga vipande hatungeweza hata kuvuka barabara, na sinema isingekuwapo. Lakini lori nililiona pia. Lilikuwa refu, lilikuwa na kelele, lilichukua muda. Mtu angeniuliza, "Je, katikati palipita kitu?" ningemjibu papo hapo. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza, kwa sababu duara lilikuwa limeshafungwa.

Kiswahili kilinipa nafasi nikaikataa. Sisi tunaona vitu vingi visivyo vya macho: tunaona njaa, tunaona baridi, tunaona haya. Na tunasema "naona mvua itanyesha" pasipo na tone hata moja. Naona, kwa maana hiyo, ni kukisia, na kila anayesikia anajua hivyo. "Naona ni yule" ni maneno ya mtu anayeacha mlango wazi. Mwingine atasema, hebu tumuulize kwanza. "Nimemwona" ni kitu kingine. Hapo umefunga mlango na kuweka kufuli, na "kwa macho yangu" ndiyo kufuli. Nilikuwa na maneno yote mawili mdomoni. Nilichagua lile la pili kwa sababu, nikisema kweli, lilinipa ukubwa. Fundi cherehani mlangoni pake, barabara nzima imemgeukia. Jicho halikuwa na hatia. Mdomo ulikuwa nayo.

Najua lipo la kujibu hapa, na si dogo. Kijana wa dada yangu, nilipomweleza, alisema, "Mama mdogo, sasa kila mtu akianza kuwaza lori, wezi watabaki na pochi zetu." Mimi naogopa jambo baya kuliko hilo. Nimewahi kumsikiliza binti wa jirani akieleza alichotendewa na mtu wa nyumbani kwao, na nikawasikia wakubwa wakimuuliza una hakika, una hakika, una hakika, mpaka akanyamaza. Shaka nayo ni rungu, na mara nyingi anayepigwa nayo ni asiye na mtu wa kumfunika. Mtu akiisoma habari yangu akatoka na neno la kumwambia binti kama yule kwamba macho hudanganya, atakuwa ameniibia.

Mteja wangu mmoja, karani mstaafu wa mahakama, alinisaidia kutenganisha. Alinitajia kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ambayo Mahakama ya Rufani iliiamua mwaka 1980 na mawakili wanaitaja mpaka leo. Mahakama ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho tu ni wa aina dhaifu kabisa, na hautoshi kumtia mtu hatiani mpaka uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Haikuishia kwenye kushuku. Ilitoa maswali: shahidi alimwangalia kwa muda gani, kwa umbali gani, katika mwanga wa namna gani, na je, alimjua mtu huyo kabla? Nilijipima. Sekunde chache, upana wa barabara kuu, giza linaingia, sijawahi kumwona maishani. Kisha nikampima binti wa jirani. Muda mrefu, hatua sifuri, taa inawaka, mtu aliyekula naye chakula cha jioni. Maswali ni yaleyale, nayo hayampi kila mtu shaka sawa. Yananiangusha mimi na kumsimamisha yeye. Una hakika? halikuulizwa kokote. Nani asiye na hakika? Mimi nilikuwa nayo tele.

Nirudi kwenye vimkeka, maana kazi ilikuwa haijaisha.

Cha pili kilikuwa cha Marcel Duchamp, msanii wa Kifaransa. Mwaka 1935 alipanga kibanda kwenye maonyesho ya wavumbuzi mjini Paris, Concours Lépine, akauza michoro ya duara ya kuwekwa juu ya gramafoni: karatasi sita zilizochapwa pande zote mbili, michoro 12. Kuna samaki ndani ya bakuli, kuna yai la kuchemsha. Miduara yake haina kitovu kimoja, kila mmoja umesogezwa kidogo, na ukizungushwa mchoro bapa unatoka kama bakuli au unazama kama kisima. Karibu hakuna aliyenunua. Namuonea huruma, mfanyabiashara mwenzangu. Lakini naona pia alikuwa mwongo mwaminifu kuliko wote: anakuuzia udanganyifu, anakwambia ni udanganyifu, na ukitaka kuhakiki unazima mashine. Mchoro unarudi kuwa bapa. Mimi jioni ile sikuwa na mashine ya kuzima.

Cha tatu ndicho kilichonishinda kukisahau. Kijana alikuwa amepewa kadi ya kupimia mwendo wa mashine, zawadi kutoka kwa rafiki anayeishi Marekani. Ni duara lenye mistari mingi ukingoni. Unaliweka chini ya taa ya umeme, unazungusha, na mwendo ukiwa sahihi mistari inaonekana imesimama tuli. Haijasimama, bila shaka. Taa ya umeme huwaka na kufifia haraka kuliko tunavyoweza kuona, na kila inapowaka mstari mmoja unakuwa umefika mahali palipokuwa na mwenzake. Jicho linadanganywa kwa makusudi ili lipate kusema kweli. Nilipenda sana jambo hilo.

Aliweka kadi dukani kwangu chini ya ile taa ndefu ya tyubu. Mistari ikatambaa kwenda mbele. Maana yake mashine inakwenda mbio. Akapunguza mwendo, ikatambaa. Akapunguza mpaka mwisho wa kitufe, bado ikatambaa, na mwimbaji wa babu yake sasa alikuwa anaimba kama mtu mwenye mafua makali. Kijana akaitukana mashine. Akaifunga kwenye kanga, akaipeleka kwa fundi wa redio.

Fundi hakuifungua. Alihesabu mistari ya kadi. Ilikuwa 216. Umeme wa Marekani hupishana mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo taa yao huwaka mara 120; wetu hupishana mara 50, taa zetu mara 100. Kwa santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, kwetu mistari inatakiwa iwe 180. Kadi haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa ikisema kweli ya mahali pengine, chini ya taa nyingine, na ikamtia hatiani mashine nzima isiyo na ubovu.

"Nishonee ya hapa," kijana akaniambia. Mistari 180, yaani mmoja kila nyuzi mbili. Nimeshona mapambo ya mabibi harusi wengi lakini sijawahi kupima kitu kwa uangalifu kama ule. Nilitumia chaki iliyochongwa na uzi mweusi, nikitoka kitovuni kwenda ukingoni, na katikati ya kazi ile, kama kwenye mstari wa 60 hivi, nikaamua kwenda kwa mama yake.

Wanaishi upande wa Picha ya Ndege. Nilikwenda Jumapili, nikavua viatu, nikamwamkia, maana ni mkubwa kwangu. Kijana hakuwapo, yuko Chalinze, anauza vipuri sasa. Nilimweleza yote: mkono, pochi, jezi, lori, jezi. Nilimwambia kidole kilikuwa changu. Alikuwa anajua. Mji huu hauna siri ya kukaa miaka mingi. Alikuwa anachambua mchele na hakuacha kuchambua.

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi na nikayasema, na yalikuwa mepesi kama nilivyoogopa. Akayapokea kwa adabu. Kisha akauliza, "Na leo wakikuuliza, utasema uliona nini?"

Nikasema, "Nitasema niliona jezi. Kisha lori. Kisha jezi."

"Basi?"

"Basi, mama."

Akatikisa ungo. Akasema mwanawe atakuja mwisho wa mwezi, kama nataka kumwambia mwenyewe. Hakusema niende wala nisiende. Akaniuliza kama nashona sare za shule, kuna mjukuu.

Kimkeka cha mistari 180 kilikamilika siku chache baadaye. Tulisubiri giza, tukazima taa mpya na kuacha tyubu peke yake. Kijana akasogeza kitufe taratibu, mistari ikatambaa nyuma, ikapunguza, ikasimama. Aliniambia nimetisha. Nikakichukua, nikakigeuza, na upande wa chini nikashona tarakimu 50 kwa uzi mwekundu, ili atakayekisafirisha ajue kilipimwa chini ya taa gani. Sare ya mjukuu ipo tayari. Mwisho wa mwezi ni Ijumaa.